Uzi: Ramani za kale za Afrika Mashariki, na watu ambao majina yao hayakuandikwa pembeni

Mchoraji_Mstaafu

Wadau, kule kwenye uzi wa vitu vya kale kuna mwenzetu aliuliza kama ramani ya Afrika "ya mwaka 1570" aliyoiona kwenye duka moja la fremu hapa Nairobi ni ya kweli, au ni fotokopi iliyopakwa majani ya chai. Wengi walimcheka. Swali lake halikuwa la kuchekwa, ndiyo maana nafungua uzi kamili. Ila nyuma yake kuna swali lingine ninalolipenda zaidi: huyo aliyeichora alijuaje?

Mimi nimekula mshahara wa kuchora ramani, kalamu ya wino mkononi na meza ya kioo yenye taa chini yake. Nikishika ramani ya zamani, zile meli na wanyama wa pembeni huwa siwaangalii sana. Nataka kujua ni wapi mchoraji alikuwa na habari na ni wapi alikuwa anajaza nafasi.

Hiyo ya 1570 ni kazi ya Abraham Ortelius wa Antwerp. Alianza maisha kama mpaka rangi ramani za wengine, akawa mfanyabiashara wa ramani, kisha Mei 1570 akatoa Theatrum Orbis Terrarum: karatasi 53 za ramani, zote kwa ukubwa mmoja, zimejalidiwa pamoja. Ndiyo atlasi ya kwanza kwa maana tunayoijua leo. Kitu kimoja kinanifanya nimheshimu. Mwanzoni mwa kitabu aliorodhesha watu 87 ambao kazi zao alizitumia au alizijua. Uungwana huo sijauona kwa wengi waliomfuata.

Sasa tazama Afrika yake. Pwani imekaa vizuri: Malindi, Mombasa na Kilwa zimo, kwa sababu Wareno walikuwa wamepita huko kwa zaidi ya miaka 70 wakipima na kuandika. Ingia bara, mambo yanabadilika. Kuna maziwa makubwa mawili na Naili ikitoka humo, na milima imepangwa mstari. Hayo ameyarithi kupitia Giacomo Gastaldi wa Venice, naye chimbuko lake ni Klaudio Ptolemaio, mwanajiografia wa Alexandria, aliyeandika yapata mwaka 150. Fikiria: ramani inauzwa kama mpya, na habari za ndani zina miaka 1,400!

Na Ptolemaio mwenyewe hakufika. Anasema aliisoma kwa Marinus wa Tyre, kwamba baharia mmoja aitwaye Diogenes, akirudi kutoka India, alipigwa na upepo wa kaskazini karibu na Pembe ya Afrika, akasukumwa kusini siku 25 mpaka karibu na Rhapta, bandari iliyokuwa kwenye pwani yetu. Habari ya maziwa yanayozaa Naili ikaingia kwenye vitabu kupitia safari hiyo. Nani alimwambia Diogenes kuwa huko bara kuna maziwa? Dhoruba haimwambii mtu habari za bara. Alisikia kwa watu wa pwani.

Hilo ndilo ninalotaka tulijadili. Karibuni.

---

Karatasi_RiverRoad

Mzee, asante kwa uzi. Mimi nauza vitabu vya mitumba, hupita mikononi mwangu vitu vya ajabu. Swali langu ni la biashara: kuna ramani ya Afrika yenye mtu wa jicho moja na ndege kwenye mti. Ni ya nani hiyo? Niliwahi kuiona, ila ilikuwa kwenye kalenda.

---

Mchoraji_Mstaafu

Karatasi, hiyo ni ya Sebastian Münster wa Basel, ilianza kutoka 1540. Jicho moja amemweka upande wa magharibi, kasuku wako juu ya mti, na kusini kuna tembo mkubwa kuliko ufalme wowote. Imechongwa kwenye mbao, kwa hiyo mistari ni minene na herufi zimebanana. Ya Ortelius imechongwa kwenye bamba la shaba, mistari ni myembamba kama unywele. Hiyo peke yake inatosha kukutenganishia karatasi mbili ukiwa umesimama kwenye kibanda chako.

Sifa ya Münster ni kwamba alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuipa kila bara ukurasa wake. Kuhusu kujua Afrika, sina la kumsifu.

---

BintiTudor

Shikamoo mzee wangu. Mimi ni wa Mombasa, nafanya kazi huku Nairobi, na mambo ya pwani siwezi kuyapita kimya.

Mbona umeruka kutoka Alexandria hadi Antwerp kana kwamba katikati watu walilala? Al-Idrisi alimaliza kazi yake mwaka 1154 huko Palermo, kwa Mfalme Roger wa Pili wa Sicily. Aliandika kitabu cha ramani 70 za vipande, pamoja na bamba kubwa la fedha lenye dunia nzima. Malindi na Mombasa anazitaja, na anaeleza habari za chuma cha huko. Hiyo ni miaka 344 kabla Vasco da Gama hajatia nanga Malindi. Kusini ameiweka juu, kwa hiyo ukiitazama mara ya kwanza unatamani kuigeuza karatasi.

---

Mchoraji_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Umenishika pazuri, na nilitumaini mtu wa pwani angeyaleta hayo. Ongeza na Fra Mauro, mtawa wa Murano karibu na Venice, yapata 1450: naye kusini iko juu. Hakukuwa na sheria ya kaskazini kukaa juu, ni mazoea yaliyokuja baadaye yakatuzoesha sote.

Lakini usimpe al-Idrisi zaidi ya haki yake. Pwani yetu ameipinda kuelekea mashariki mpaka Bahari ya Hindi inakaribia kuwa ziwa. Hilo nalo ni deni la Ptolemaio.

---

Mwalimu_wa_Historia

Niongeze kidogo. Kuna kitabu cha Misri ya Fatimiyya, karne ya 11, ambacho kwa Kiingereza kimezoeleka kuitwa Book of Curiosities. Nakala yake ilinunuliwa na maktaba ya Bodleian ya Oxford mwaka 2002. Ndani mna ramani ya Bahari ya Hindi iliyochorwa kama yai refu, na miongoni mwa visiwa kuna Unguja na kuna Qanbalu, ambacho wengi hukidhani ni Pemba. Yaani Unguja imo kwenye ramani kabla hata ya al-Idrisi kuzaliwa. Hiyo nawaonyesha wanafunzi wangu wa kidato cha pili kila mwaka, wanashangaa kuliko wanavyoshangaa nikiwaambia habari za Columbus.

Halafu kuna lile la Ibn Majid, yule nahodha wa Kiarabu aliyemvusha Vasco da Gama kutoka Malindi hadi Calicut mwaka 1498 kwa ramani zake.

---

BintiTudor

Mwalimu, hapo pole pole. Hiyo imerudiwa sana kwenye vitabu vya shule, lakini wanahistoria wengi wameiacha. Taarifa ya safari yenyewe ya Wareno inasema mfalme wa Malindi aliwapa rubani, na vyanzo vya Kireno vinamtaja kama mtu wa Gujarat. Ibn Majid alikuwa mkubwa kweli, na aliandika shairi refu la njia za bahari hadi Sofala, lakini kumpachika kwenye meli ile ni jambo lingine.

---

Mwalimu_wa_Historia

Haya dada, shairi la Sofala nitalipa nafasi darasani. Rubani abaki bila jina.

---

Njoro_Umoja

Wazee, nasoma tu kwa raha. Lakini niulize bila kuzunguka. Hawa wote, Ptolemaio, Idrisi, Ortelius, hakuna hata mmoja aliyefika hapa. Sisi wenyewe tulikuwa wapi? Kwani hatukuchora?

---

Mchoraji_Mstaafu

Njoro, hapo ndipo nilikuwa napaelekea, kwa hiyo nivumilie, hili nitaliandika kwa urefu.

Kwanza ujue kilichotokea kati. Karne ya 17 Amsterdam ndiyo ilikuwa soko. Willem Blaeu alitoa ramani ya Afrika yenye watu waliovaa vizuri kando zote mbili na picha za miji tisa juu yake. Ni nzuri mno, ndiyo inayotundikwa sana maofisini. Kwa upande wetu wa bahari mji uliopata picha ni Mozambique peke yake. Anayetaka Mombasa na Kilwa atafute Braun na Hogenberg wa Cologne, 1572: karatasi moja imegawanywa, juu Aden, chini Mombasa, Kilwa na Sofala. Kwangu mimi hiyo ina thamani kuliko Blaeu mzima, ingawa haijai ukutani.

Halafu 1749 akatokea Mfaransa, Jean-Baptiste d'Anville. Alifanya jambo la ujasiri: alifuta. Kila mto na mji wa bara ambao hakuona ushahidi wake aliuondoa, akaacha karatasi nyeupe. Wachora ramani tunamwamkia huyo. Shida ni kwamba wasiojua kusoma ramani waliona ule weupe wakadhani hakuna watu. Na si wote waliomwiga. Mwaka 1798 James Rennell, mpimaji mwenye heshima zake, alichora Milima ya Kong ikikatiza Afrika Magharibi yote. Haikuwepo. Ilikaa kwenye atlasi karibu karne nzima mpaka msafiri Mfaransa Binger alipokwenda mwenyewe mwishoni mwa miaka ya 1880.

Pwani yetu ilipimwa kwa kina na Kapteni William Owen wa jeshi la maji la Uingereza, kati ya 1822 na 1826, meli Leven na Barracouta. Homa iliwamaliza vijana wake wengi. Mwanangu BintiTudor anajua Port Reitz, kule Mombasa. Reitz alikuwa luteni wa Owen aliyeachwa Mombasa 1824, akafa mwaka huo huo.

Sasa bara. Katikati ya karne ya 19 wamisionari Krapf, Rebmann na Erhardt walikuwa Rabai, nyuma ya Mombasa. Rebmann aliona Kilimanjaro Mei 1848. Krapf aliuona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849 akiwa Kitui, na aliyekuwa amemwambia kuhusu mlima huo ni Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Wakamba, ambaye misafara yake ilishapita huko. London, bwana mmoja aitwaye Desborough Cooley akakaa kwenye kiti chake akakana kuwa kuna theluji karibu na ikweta.

Erhardt na Rebmann walifanya kitu ambacho Cooley hakukitilia maanani inavyostahili: waliuliza wenye njia. Waliwauliza watu wa misafara wa Tanga, wa njia ya katikati, wa Kilwa. Kila mmoja akasema, ukienda magharibi siku kadhaa utafika kwenye maji makubwa. Wakayaunganisha maji yote, na 1855 ikatoka ramani yenye ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika, mwili umejipinda kama koa. Watu waliicheka sana. Lakini hakuna aliyewadanganya wale wamisionari! Mtu wa Kilwa alisema kweli kuhusu Nyasa, wa njia ya katikati kuhusu Tanganyika, wa njia ya kaskazini kuhusu Ukerewe, ndilo Victoria la leo. Aliyekosea ni aliyeshika kalamu, aliyechukua maziwa matatu akayashona yakawa moja.

Kwa ajili ya ramani hiyo wasafiri Waingereza Burton na Speke walitumwa 1856, wakaingia bara 1857. Walipofika Kazeh, ndiyo Tabora, mfanyabiashara Snay bin Amir aliwaeleza kwa utulivu kuwa maziwa ni matatu. Alijua kwa sababu ilikuwa kazi yake. Agosti 1858 Speke alisimama karibu na Mwanza akalitazama la kaskazini, akalipa jina la malkia wake.

Na sasa jibu lako, Njoro. Mwaka 1870 jarida la chama cha kijiografia cha London lilichapisha makala ya mmisionari Thomas Wakefield wa Ribe kuhusu njia za misafara kutoka pwani kwenda bara, pamoja na ramani. Wakefield hakuwa amezitembea njia hizo. Kwenye makala yenyewe ameandika kuwa habari nyingi alizipata kwa Sadi bin Ahedi, mtu wa karibu na Gazi, kwa Wadigo. Njia zimepangwa kituo kwa kituo, siku hadi siku. Hayo yote yalitoka kichwani mwa mtu mmoja, yakiwa yamehifadhiwa kwa miguu. Mimi nimefanya kazi na vipimo vya ardhini maisha yangu yote. Mtu anayeweza kukupa mfuatano wa vituo kutoka pwani hadi nchi ya Wamasai bila daftari ni mpimaji, hata kama hajawahi kuona dira.

Kwa hiyo tulichora. Karatasi ndiyo ilikuwa yao.

---

Njoro_Umoja

Mzee umeniua kabisa. Sadi bin Ahedi. Hata barabara hana?

---

BintiTudor

Gazi naijua, kina mama yangu ni wa Msambweni. Jina hilo sijawahi kulisikia likitajwa na mtu yeyote kule. Inauma, jamani. Reitz alikaa miezi michache akafa, na mpaka leo tunalitaja jina lake kila tukienda uwanja wa ndege.

---

Mwalimu_wa_Historia

Huyo Sadi anarudi tena. Joseph Thomson, msafiri wa Uskoti, alipovuka nchi ya Wamasai 1883, alimchukua awe mkalimani wake. Hawakupatana hata kidogo. Thomson amemwandika vibaya, lakini msafara ule ulipita njia za wafanyabiashara wa pwani, na sehemu kubwa ya safari aliandamana na msafara wa Jumba Kimameta wa Pangani. Walipumzika Ngong kununua chakula kwa Wakikuyu kabla ya kuendelea. Wakati huo hapa tulipo palikuwa maji baridi na nyasi. Reli ilifika 1899.

---

Karatasi_RiverRoad

Haya, historia nimeielewa. Turudi kwa mteja wangu mwenye pesa anayetaka "original". Namwambia nini?

---

Mchoraji_Mstaafu

Mwambie anunue lenzi ya fundi saa kwanza, ni bei ya chai na mandazi ukilinganisha na hasara.

Aiweke juu ya rangi. Akiona vidoto vidogo vidogo vimepangwa kwa safu, hiyo ni chapa ya mashine ya kisasa, mjadala umekwisha. Rangi ya zamani ilipakwa kwa brashi, inatiririka nje ya mstari hapa na pale. Kijani ndicho kinachosema kweli kuliko rangi zote, kwa sababu kilitengenezwa kwa kutu ya shaba na kwa miaka mingi hula karatasi. Geuza uone kama upande wa nyuma pana kahawia sawasawa na pale kijani kilipo mbele. Majani ya chai hayawezi kuiga hilo, yanachafua karatasi yote bila kuchagua.

Kisha aishike kwenye mwanga. Karatasi ya kabla ya karne ya 19 ilitengenezwa kwa matambara kwenye chekecheke ya waya, na mistari ya ule waya inaonekana, mara nyingine na alama ya kiwanda. Apapase ukingo: bamba la shaba likibanwa kwenye karatasi mbichi huacha bonde dogo kuzunguka picha. Mkunjo wa katikati uwepo, maana karibu zote zimetoka kwenye atlasi. Nyuma mara nyingi kuna maandishi ya Kilatini, Kifaransa, Kiholanzi au Kijerumani, na hayo husaidia kujua toleo. Ortelius alichapishwa tena na tena hadi 1612, kwa hiyo muuzaji akisema "1570" kwa kuwa tu ameona jina la Ortelius, muulize ameijuaje.

Fremu nzito nayo ni ya kuogopwa. Mwenye kitu halali atakutolea kwenye fremu uone pande zote mbili. Anayekataa, mwachie.

---

Njoro_Umoja

Na ikiwa ya kweli, imetoka wapi? Isije ikawa ya kuibwa.

---

Mchoraji_Mstaafu

Swali la maana. Mwaka 2005 muuzaji maarufu wa Marekani, Forbes Smiley, alikamatwa kwenye maktaba ya Beinecke, Chuo Kikuu cha Yale, baada ya mfanyakazi kuona wembe umeanguka sakafuni. Alikuja kukiri kuiba ramani 97 kwenye maktaba kadhaa, akafungwa miaka mitatu na nusu. Alikuwa mtaalamu aliyeaminiwa na kila mtu. Ndiyo maana ukiona ukingo mmoja umekatwa kwa wembe hivi karibuni, au mhuri wa maktaba umesuguliwa, ondoka.

Na wakati mwingine kitu cha wizi ndicho kinachohifadhi historia. Mwaka 1502 Alberto Cantino, wakala wa Mtawala wa Ferrara, alitoa kwa siri huko Lisbon nakala ya ramani ya Wareno, akalipa dukati 12 za dhahabu. Wareno walikuwa wakilinda ramani zao kwa ukali. Leo iko Modena, na ndiyo miongoni mwa za kwanza kuonyesha pwani ya Afrika Mashariki ikiwa na umbo lake la kweli, miaka minne tu baada ya Malindi kutembelewa. Karne ya 19 ilipotea kwenye vurugu, ikaja kupatikana kwenye duka la muuza nyama.

---

Karatasi_RiverRoad

Duka la nyama! Kumbe nami nina tumaini.

---

BintiTudor

Na sisi tusio na pesa tuzione wapi hapa Nairobi, mzee?

---

Mchoraji_Mstaafu

Nenda Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, uulize mkusanyo wa Joseph Murumbi. Makamu wa rais wetu wa pili alikusanya vitabu adimu zaidi ya 8,000 vilivyochapwa kabla ya 1900, na vitabu vya wasafiri wa wakati ule mara nyingi hubeba ramani ya kukunjwa nyuma. Ifungue polepole, mikunjo huchanika. Maktaba ya McMillan pale Banda Street nayo ina vitabu vya zamani vya Afrika. Kalamu ya wino usiingie nayo, chukua penseli.

Ya Wakefield itafute mtandaoni kwa jina lake na mwaka 1870. Ukiipata, soma makala kwanza kabla ya kuangalia mchoro, ufuate vituo kimoja kimoja kwa kidole. Mwalimu, ningependa uwape wanafunzi wako zoezi hilo: waweke njia ya Sadi juu ya ramani ya leo ya Kenya, halafu mlete matokeo hapa.

---

Mwalimu_wa_Historia

Muhula ujao. Nitawagawa makundi, kila kundi njia yake. BintiTudor, nikikwama kwenye majina ya upande wa Gazi nitakuandikia.

---

BintiTudor

Andika tu. Nikishindwa mimi, nitampigia mjomba.